Soko la Jumapili usiku Chiang Mai: mwongozo kamili wa kula vya kaskazini bila kuzidiwa na umati

Wengi wanaofika Chiang Mai siku ya Jumapili hurudi hotelini saa tatu usiku miguu ikiwauma, wameshiba tambi za pad thai na juisi ya embe, na hawajaonja hata chakula kimoja cha kaskazini mwa Thailand. Makosa ni yaleyale. Wanaingia kwa lango la Tha Phae saa moja usiku, wakati kila mtu anaingia hapo. Wananunua sahani kubwa kwenye banda la kwanza. Kisha umati unawabeba hadi mwisho wa barabara, wakivipita vyakula walivyovifuata bila kuviona.

Hawavioni kwa sababu haviko barabarani. Mabanda mengi ya barabara ya Ratchadamnoen, ambako soko hili hufanyika, yanauza nguo, sabuni, taa za karatasi na vinyago. Chakula chenyewe, kile ambacho wenyeji hukifuata, kipo zaidi ndani ya nyua za mahekalu yaliyo kandokando ya barabara hiyo. Anayelijua hili na akafika mapema hukuta soko jingine kabisa.

## Vitu vya kuandaa

Pesa taslimu, bahti 400 hadi 600 kwa mtu mmoja. Kiasi hicho kinatosha kula mpaka ushibe na kubaki na nauli. Vyakula vingi ni bahti 10 hadi 80, kwa hiyo beba noti za 20 (kijani), 50 (buluu) na 100 (nyekundu). Noti ya 1000 ni mzigo kwa muuzaji wa mishikaki ya bahti 10. Ivunje mchana kwenye duka dogo kwa kununua maji.

Fedha ya kubadilisha. Shilingi za Tanzania, Kenya au Uganda usitegemee kuzibadilisha Chiang Mai. Nenda na dola au yuro. Noti za dola 100 zilizo safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, hupata bei nzuri kuliko noti ndogo. Ukitumia ATM kwa kadi ya nje, mashine hukata ada ya takribani bahti 220 au zaidi kila unapotoa, haijalishi umetoa kiasi gani. Toa mara moja tu, ya kutosha siku kadhaa.

Usitegemee simu kulipa. Karatasi zenye msimbo wa QR zilizobandikwa kila banda ni za mfumo wa PromptPay, unaounganishwa na akaunti za benki za Thailand. Mgeni wa wiki moja anahitaji noti mkononi.

Tishu, kitakasa mikono na mfuko mdogo wa taka. Mapipa ya taka ni machache, nawe utakuwa na vijiti, majani ya migomba na vikombe vya kutupa kila baada ya dakika kumi.

Nguo za kufunika mabega na magoti, na viatu vya kuvua upesi. Utakula kwenye viwanja vya ibada. Ukitaka kuingia ndani ya jengo la hekalu, viatu vinabaki nje, na kamba ndefu za viatu zitakuchosha.

Pakiti mbili za ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini. Huenda usizihitaji. Ukizihitaji saa nane usiku, utashukuru ziko begini.

Maneno yaliyoandikwa kwa Kithai. Yahifadhi kwenye simu kama picha, kwa maandishi makubwa:

- ไม่กินหมู (mai kin muu): sili nguruwe
- ไม่เผ็ด (mai phet): bila pilipili
- ฮาลาล (halan): halali
- แพ้ถั่วลิสง (phae thua lisong): karanga zinanidhuru

Jambo moja la kabla ya safari: wasafiri kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Kongo, Burundi na Rwanda hutakiwa kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano wanapoingia Thailand. Chanjwa angalau siku kumi kabla, vinginevyo haihesabiwi.

## Hatua ya 1: Chagua Jumapili yenyewe

Soko lipo mwaka mzima, ila hali hubadilika sana.

Novemba hadi Februari ni majira ya baridi kavu. Hewa ni nzuri, umati ni mkubwa kuliko wakati wowote. Jioni beba sweta jepesi.

Mwishoni mwa Februari hadi Aprili mashamba na misitu huchomwa, na moshi hujaa bondeni mpaka mlima Doi Suthep haionekani. Mwenye pumu asipange safari ya miezi hiyo. Aprili na Mei, kwa upande mwingine, ndiyo miezi ya embe bora kabisa.

Mei hadi Oktoba ni mvua. Mara nyingi hunyesha kwa nguvu jioni, kisha hukatika. Wauzaji hufunika bidhaa kwa plastiki na kusubiri, nawe subiri chini ya paa la hekalu. Watakaokimbia watakuachia meza.

## Hatua ya 2: Ingia kwa ubavuni, saa kumi na nusu

Barabara hufungwa kwa magari alasiri. Saa 10:30 jioni (16:30) makaa yameshakolea na mabanda mengi ya chakula yako tayari. Kuanzia saa 12:30 hadi saa 3 usiku umati hufikia kilele, na mwendo wa mita mia moja unaweza kukuchukua robo saa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna zawadi ndogo hapa. Usiku wa Wathai huhesabiwa kama wetu: saa moja usiku ni *nueng thum*, yaani moja ya usiku, saa mbili ni *song thum*, na kuendelea hadi saa tano. Muuzaji akikwambia atafunga *si thum*, anamaanisha saa nne usiku, bila kujumlisha wala kutoa sita.

Ratchadamnoen ni barabara iliyonyooka, kama kilomita moja, kutoka lango la Tha Phae mashariki hadi hekalu la Wat Phra Singh magharibi. Usianzie langoni. Mwambie dereva akushushe kwenye barabara ya Ratchaphakhinai, inayokata soko upande wa mashariki, kisha utembee hadi njia panda. Utakuwa umeruka kipande chenye msongamano mkubwa kuliko vyote, na uko karibu na nyua mbili muhimu za chakula.

Usafiri wa kawaida ni *rot daeng*, pikapu nyekundu yenye mabenchi mawili yanayotazamana nyuma. Aliyepanda daladala za Zanzibar ataikalia bila kufundishwa. Unaisimamisha, unamtajia dereva unakokwenda kupitia dirishani, unapanda. Ndani ya mji nauli huwa bahti 30 hadi 40 kwa mtu. Akikutajia 150 au 200, anadhani unaikodi gari nzima. Mwachie aende, simamisha inayofuata. Programu za Grab na Bolt pia zinafanya kazi vizuri.

Ukifanikiwa: saa 10:45 umesimama kwenye njia panda, unaona lami mbele yako, na hakuna bega lililogusa lako.

## Hatua ya 3: Zunguka ua kwanza, mkono mfukoni

Anzia ua wa Wat Phan On, wenye stupa (mnara wa ibada) ya dhahabu, kisha Wat Sam Phao iliyo jirani. Tembea ua mzima bila kununua chochote. Dakika kumi zinatosha. Kila banda huuza kitu kimoja au viwili tu, kwa hiyo ukinunua la kwanza utalijua la kumi ukiwa umeshiba.

Angalia haya unapopita:

Wanaonunua ni nani? Banda lenye wenyeji wanaofungiwa chakula kwenye mifuko ya plastiki wakipeleke nyumbani ni banda la kuaminika. Foleni ya watalii watupu haikwambii lolote.

Chakula kinapikwa mbele yako, au kimelala? Mshikaki uliochomwa saa moja iliyopita na kurudishwa motoni kwa nusu dakika umepashwa juu tu, ndani haujapata moto.

Koleo la nyama mbichi ndilo lilelile la nyama iliyoiva? Pita.

Barafu ina umbo gani? Vipande vya mviringo vyenye tundu katikati hutoka kiwandani na hutengenezwa kwa maji safi. Barafu iliyopondwa kutoka kwenye bonge kubwa iache.

Utaona pia mabanda ya sushi ya bahti 5 au 10, ngisi na chaza. Chiang Mai iko mamia ya kilomita kutoka baharini, na vitu hivi hukaa wazi kwenye joto kwa saa kadhaa. Aliyekulia pwani hatahitaji kuambiwa mara mbili.

## Hatua ya 4: Keti, ule vya mchuzi kwanza

Hapa ndipo mpangilio una maana. Tambi za mchuzi zinataka meza na mikono miwili, na meza huisha ifikapo saa moja. Mishikaki na vitamu unaweza kuvila ukitembea. Kwa hiyo mchuzi kwanza, mishikaki baadaye, tamu mwisho, na ununuzi wa zawadi baada ya hapo kabisa.

Kanuni ya kiasi: bakuli moja, watu wawili. Ukiwa peke yako omba kidogo, *nit noi*. Aliyemaliza bakuli mbili saa kumi na moja na nusu hana tena nafasi ya soseji.

Khao soi. Tambi za mayai kwenye mchuzi wa tui la nazi na bizari, na juu yake tambi nyingine zilizokaangwa zikawa kavu. Huja na kisahani cha majani ya haradali yaliyochachushwa, vitunguu vidogo vyekundu na kipande cha ndimu. Hivyo si mapambo. Kamua ndimu yote, tia achari na vitunguu, koroga mpaka chini, ndipo uonje. Bila uchachu huo mchuzi hukinaisha baada ya vijiko vitano, na hapo ndipo wageni husema khao soi ni nzito. Pilipili iliyokaangwa kwa mafuta, nyeusi kidogo, tia nusu kijiko tu. Huchelewa kuwaka, lakini huwaka.

Khanom chin nam ngiao. Tambi nyeupe za mchele kwenye mchuzi mwekundu wa nyanya na mbavu za nguruwe, wenye maua makavu ya mti wa jamii ya msufi. Vipande laini vya rangi ya kahawia iliyokolea ni damu iliyogandishwa. Muislamu asikiguse chakula hiki. Asiyependa damu aseme *mai ao lueat*.

Kaeng hang le. Nyama ya nguruwe yenye mafuta iliyopikwa taratibu kwa tangawizi, ukwaju na bizari mpaka inakatika kwa kijiko. Haina pilipili nyingi. Kwa mlaji wa nguruwe anayeogopa ukali, aanze na hiki.

Pilipili ikikuzidi usikimbilie maji, yanaisambaza mdomoni. Tafuna wali wa kunata, au kunywa kitu chenye maziwa.

## Hatua ya 5: Saa 12 kamili, simama

Saa 12 jioni (18:00) wimbo wa taifa hupigwa kwenye vipaza sauti, na soko zima husimama. Muuzaji anashusha koleo, watoto wanaacha kukimbia. Simama pale ulipo, mikono chini, usiongee, usitembee. Ukiwa umeketi, inuka. Huchukua kama dakika moja, kisha kelele zinarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mgeni anayeendelea kutembea hakamatwi, ila anaonekana na watu mia tano kwa mpigo. Ni heshima isiyogharimu chochote, na ule ukimya wa ghafla katikati ya moshi wa mishikaki ni jambo la kusimuliwa nyumbani.

Heshima nyingine tatu. Sarafu ikianguka usiikanyage kuizuia isibingirike, kwa sababu ina sura ya mfalme. Na uani mwa hekalu usikae umenyoosha miguu kuelekea sanamu ya Buddha au mtawa. Mwanamke asimguse mtawa wala kumpa kitu mkono kwa mkono.

## Hatua ya 6: Vya makaa, kwa gramu

Sai ua ni soseji ya nguruwe iliyovingirishwa kama kamba na kuchomwa polepole juu ya makaa. Ndani yake kuna mchaichai, khulinjani, manjano, pilipili kavu na majani ya ndimu yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Huuzwa kwa kipimo kiitwacho *khit*, ambacho ni gramu 100. Usipolijua neno hili utaonyesha kidole kwenye pingili nzima na kupewa nusu kilo. Sema *khit nueng*, gramu mia moja. Zinatosha watu wawili, kwa takribani bahti 30 hadi 50. Muuzaji ataikata kwa mkasi.

Sai ua nzuri hutoa mafuta ikibanwa na harufu ya ndimu hukufikia kabla ya kuonja. Iliyokauka na kupasuka ngozi imekaa motoni tangu mchana.

Inunulie khao niao, wali wa kunata, bahti 10 mfuko. Huu hauliwi kwa kijiko. Finyanga tonge dogo kwa vidole kama la ugali, chovya, kula. Wa kuchovya ni nam phrik num: pilipili ndefu za kijani, vitunguu na vitunguu saumu vilivyochomwa mpaka ganda likaungua, kisha vikapondwa kinuni. Ukiogopa ukali, chukua nam phrik ong, ya nyanya na nyama ya kusaga, iliyo pole. Wenyeji huchovyea ngozi ya nguruwe iliyokaangwa, *kaep muu*, na mboga za kuchemsha.

Khao chi ni wali huohuo uliobonyezwa kwenye kijiti, ukachovywa kwenye yai na kuchomwa. Khai pam ni mayai yaliyoivia juu ya makaa ndani ya kikombe cha jani la mgomba. Vyote viwili ni rafiki kwa watoto, na ni nafuu.

Kwenye sinia la wadudu utaona *rot duan*, viwavi vyeupe vya mianzi vilivyokaangwa. Aliyezoea senene wa Bukoba au Masaka atavikuta laini zaidi, karibu na ladha ya bisi zenye siagi. Mwenye mzio wa kamba na kaa asivile, kwa kuwa protini inayosumbua hufanana. Wauzaji wengi wa wadudu hutoza bahti 10 kwa picha. Nunua kwanza, kisha omba kupiga.

### Onyo ambalo halina mjadala

Kaskazini mwa Thailand kuna vyakula vya nyama mbichi. *Lap dip* ni nyama mbichi iliyokatwakatwa na viungo, na *lu* ni ya damu mbichi. Nguruwe mbichi anaweza kubeba bakteria anayesababisha homa ya uti wa mgongo na uziwi wa kudumu, na wagonjwa wa namna hiyo hupokelewa katika hospitali za huko. Pilipili, ndimu na pombe haviui bakteria huyo. Ukitaka lap, tamka *lap suk*, iliyoiva, na uangalie inapikwa.

Kwa saladi ya papai bichi, agiza *som tam thai*. Ile yenye kaa wa mashambani, *pu*, au maji ya samaki waliochachushwa, *pla ra*, imewalaza wageni wengi.

## Ukiwa Muislamu

Sehemu hii inahitaji urefu, kwa sababu "bila nguruwe" na "halali" ni mambo mawili tofauti, na muuzaji anaweza kukujibu ndiyo kwa wema kabisa bila kujua unachouliza.

Nguruwe yumo kuliko anavyoonekana. Mafuta yake hutumika kukaangia vitunguu saumu vinavyonyunyizwa juu ya tambi. Mifupa yake huchemshiwa supu ya khao soi iliyoandikwa ya kuku. Nam phrik num yenyewe mara nyingi ni mboga tupu, lakini kijiko chake hutoka kwenye kaep muu. Swali "sili nguruwe" litakuondolea vipande vya nyama, halitaondoa mchuzi.

Njia salama ni tatu.

Kwanza, tafuta alama ya kijani ya halali ya Thailand, au mwezi na nyota pamoja na neno ฮาลาล kwenye banda. Wauzaji wa roti sokoni mara nyingi ni Waislamu. Roti yao hutupwa hewani mpaka inakuwa nyembamba kama karatasi, hujazwa ndizi na yai, na hukaangwa mbele yako. Thibitisha alama, kisha furahia.

Pili, ule mlo wa mchuzi kabla ya kuja sokoni. Karibu na eneo la Night Bazaar, soko jingine la usiku, kwenye kichochoro cha kwanza cha barabara ya Charoen Prathet, kuna msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan. Wao ndio wanaohusishwa na kuileta khao soi katika mji huu, na migahawa inayozunguka msikiti huipika kwa kuku au ng'ombe, halali kabisa. Mingine hufunga mapema, kwa hiyo nenda baada ya Adhuhuri au Alasiri, kisha uende sokoni kwa miguu au kwa rot daeng. Tusifichane: khao soi ya hapo huwa bora kuliko ile ya kwenye ua wa hekalu.

Tatu, sokoni kula matunda, vitamu vya nazi na mayai ya khai pam yaliyopikwa kwenye jani, baada ya kuuliza kama yametiwa kitu.

Asiyekula nyama kabisa atafute bendera ndogo ya manjano yenye herufi nyekundu เจ. Chakula hicho hakina nyama, yai, maziwa wala mchuzi wa samaki.

## Hatua ya 7: Geukia magharibi, uingie kwenye tamu

Ikifika saa moja usiku umati unaoingia kwa Tha Phae umekufikia. Tembea kuelekea Wat Phra Singh, mbali nao. Msongamano hulegea kila unaposonga, na baada ya njia panda ya Phra Pok Klao utaweza kunyoosha mikono. Ukikwama, chepuka kwenye vichochoro vya pembeni, utokee mbele.

Khanom krok utavitambua kwa chuma chake chenye vishimo: ni ndugu wa vitumbua, vya unga wa mchele na tui, lakini ni vidogo, laini katikati, na huunganishwa viwili viwili. Vingine hutiwa vitunguu vya majani au mahindi. Ndani huwa kama uji unaochemka, hivyo subiri dakika mbili. Ulimi ulioungua saa moja hauonji kitu mpaka kesho.

Khao niao mamuang, wali wa kunata uliolowekwa tui lenye sukari na chumvi, pamoja na embe mbivu. Bahti 50 hadi 80. Embe ikatwe mbele yako. Iliyokaa kwenye kisanduku tangu mchana hutoa maji na kuulowesha wali.

Khao lam ni wali wa kunata na tui uliopikwa ndani ya kipande cha mwanzi. Huchubuliwa kama ndizi. Haiharibiki upesi, kwa hiyo inafaa kubebwa kwa kifungua kinywa.

Matunda yatakuwa ya kawaida kwa mtu wa Unguja, doriani na shokishoki zikiwemo. Hoteli nyingi hukataza doriani vyumbani na hutoza faini, basi ilie palepale.

## Hatua ya 8: Kulipa na kuongea

Chakula hakipatanwi bei. Bei imeandikwa, na kumshusha mama wa vitumbua vya bahti 20 ni aibu. Nguo na vinyago unaweza kuomba kupunguziwa, kwa tabasamu, hasa ukinunua viwili.

Uliza *thao rai*, kiasi gani. Majibu utakayosikia: *sip* ni 10, *yi sip* 20, *sam sip* 30, *si sip* 40, *ha sip* 50, *roi* 100. Ukitatanika, mpe simu aandike. Mwanamume humalizia sentensi kwa *khrap*, mwanamke kwa *kha*. Ni kama kuweka "tafadhali" na "shikamoo" mahali pamoja.

Kisha neno moja la lugha ya kaskazini yenyewe, Kam Mueang: *lam*, tamu. Wathai wa Bangkok husema *aroi*. Mgeni akionja sai ua na kusema *lam khanat*, tamu mno, muuzaji hucheka, na kipande cha nyongeza si jambo la ajabu.

Vijiti vya kulia na bakuli rudisha bandani ulikonunua. Choo kipo mahekaluni, mara nyingi kwa bahti 5 au 10, na tishu ni zako.

## Hatua ya 9: Kutoka

Ondoka kupitia upande wa Wat Phra Singh kabla ya saa nne usiku. Magari hayaingii ndani ya soko, hivyo ukiita gari kwa simu weka alama kwenye barabara iliyo wazi nje ya eneo lililofungwa, la sivyo dereva atazunguka na kughairi. Ukirudi kwa Tha Phae utakutana na wale wote wa saa moja, wakitafuta gari moja.

## Kama una Jumamosi tu

Soko la Jumamosi liko barabara ya Wualai, mtaa wa wafua fedha, ng'ambo ya mfereji kutoka Lango la Chiang Mai upande wa kusini. Mpangilio ni uleule: fika saa kumi na nusu, zunguka, mchuzi kwanza. Barabara ni nyembamba zaidi, kwa hiyo kuchelewa kunaumiza zaidi. Jirani na lango lenyewe kuna soko la chakula la kila usiku, na wengi hufanya vyema kula pale kisha kuingia Wualai kwa matembezi. Hekalu la fedha, Wat Si Suphan, liko hapo karibu. Wanawake hawaruhusiwi kuingia ndani ya ukumbi wake wa fedha, ila ua ni wa wote.

## Tumbo likichafuka

Kuharisha mara mbili tatu usiku huo huletwa mara nyingi na pilipili, mafuta na tui jingi. Kunywa ORS taratibu, kula wali mweupe, pumzika.

Nenda hospitali ukiona damu, homa kali, au ukishindwa kubakiza maji tumboni. Na ikiwa ndani ya siku chache zilizofuata unapata homa pamoja na kichwa kuuma sana, shingo kukakamaa au masikio kuziba, nenda mara moja na umwambie daktari wazi kama ulikula nguruwe mbichi, hata kama ilikuwa kijiko kimoja cha kuonja.